Wembe Uliochakaa Unautupa Wapi?



Leo sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nitazungumza juu ya kitu chembamba kuliko punje ya ulezi. Kitu hicho ni wembe.

Ukiingia nyumba yoyote ya Ufipa, iwe Laela, Matai, Mpui au Namanyere, hutakosa wembe. Baba hunyolea ndevu. Mama hukatia kucha za mtoto. Mwanafunzi huchongea penseli. Fundi cherehani hufumulia mshono na kukatia vitambaa. Na mimi Bwana Shamba huutumia kubebesha miche ya parachichi.

Wembe ukiwa mpya tunautunza. Tunaurudisha katika karatasi yake. Tunauweka juu, mahali ambapo watoto hawafiki. Lakini ukichakaa unakwenda wapi? Hebu simama kidogo ujiulize. Wembe uliotumia mwezi uliopita uko wapi sasa hivi?

Nimewauliza watu wengi swali hilo. Wengi hucheka kwanza, halafu hunyamaza. Mmoja alinijibu, "Nimeutupa." Nikamwuliza, "Umeutupa wapi?" Akanyosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba. Nyuma ya nyumba ile watoto wake watatu walikuwa wanacheza bila viatu.

NG'OMBE ALIYEKATAA KUTEREMKA

Mwaka 2007 nilikuwa kijana. Ndiyo kwanza nimepangiwa kazi katika kijiji kimoja upande wa Laela. Sitakitaja kijiji, wala sitawataja watu, maana wengine wako hai na jambo lenyewe liliwauma.

Palikuwa na mzee mmoja mwenye maksai wawili. Mmoja alikuwa mwekundu, mwingine wa madoadoa. Kijiji kizima kiliwajua. Walilima shamba la mzee, kisha walilima mashamba ya jirani kwa malipo. Mzee alisomesha watoto kwa nguvu za maksai wale.

Mwezi wa Novemba mvua za kwanza zikanyesha. Kila mtu alikuwa anatoa jembe la kukokotwa, anakaza nati, anatafuta mnyororo. Asubuhi moja mzee akaja kwangu kabla sijanywa chai.

"Bwana Shamba, njoo umwone ng'ombe wangu mwekundu. Tangu jana hali. Na hataki kuteremka mtoni."

Nilikwenda. Ng'ombe alikuwa amesimama, mgongo umepinda juu kama upinde. Miguu ya mbele ameitanua, viwiko vimetoka nje. Alipokohoa aliguna. Tulipomsukuma kuteremka alikataa kabisa. Tulipomgeuza kupanda mlima alikwenda, polepole.

Nasema ukweli, sikujua. Mimi nimesomea mimea. Nilidhani ni minyoo. Mzee alidhani ni ndigana. Tukampa dawa ya minyoo. Haikusaidia. Siku ya tatu Bwana Mifugo wa kata akafika na baiskeli yake. Alimwangalia ng'ombe kwa muda bila kusema neno. Kisha akambonyeza kwa nguvu mgongoni, karibu na nundu. Ng'ombe akaguna.

Bwana Mifugo akasema, "Mzee wangu, pole. Huyu amekula chuma."

Siku ya nne ng'ombe alikufa. Bwana Mifugo alikataza nyama isiliwe. Alimpasua mbele yetu sote ili tuone. Ndani ya tumbo dogo lililo karibu na moyo tuliona sindano nene, ile ya kushonea magunia. Ilikuwa imetoboa ukuta wa tumbo na kuelekea kwenye moyo. Pembeni ya sindano palikuwa na donge la matambara. Bwana Mifugo alilifungua kwa kijiti. Tuliona vipande vya khanga. Tuliona kitambaa cha kaki cha kaptula za shule. Katikati ya matambara tuliona nusu ya wembe, imekuwa nyeusi.

Sindano ndiyo iliyoua. Wembe ulikuwa unangoja zamu yake.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Kijiji kile kilikuwa na fundi cherehani mmoja tu. Alikuwa shemeji yake mzee. Naye alikuwa amesimama pale pale pamoja nasi. Alikitazama kile kitambaa cha kaki, akainamisha kichwa. Mzee alimtazama, akageuka. Hakuna aliyesema neno. Mpaka leo sijui kama waliwahi kulizungumza.

Najua jambo moja. Mwaka ule mzee alilima ekari moja na nusu badala ya tano. Alilima kwa jembe la mkono. Na shemeji yake alifunga cherehani majuma mawili, akaenda kulima pamoja naye.

KWA NINI NG'OMBE HULA CHUMA?

Mbuzi huchagua majani kwa midomo yake. Ng'ombe hachagui vizuri. Huzungusha ulimi, hukusanya kila kilichopo na kumeza. Hatafuni sana wakati huo. Kutafuna huja baadaye, akiwa amelala anacheua. Kwa hiyo kama kuna msumari, waya, sindano au wembe ndani ya majani, humeza pia.

Chuma ni kizito. Hakiendi mbali. Hutulia katika tumbo la pili, lile ambalo ndani yake limejengwa kama sega la nyuki. Tumbo hilo hujikaza na kulegea kila wakati ili kusukuma chakula. Kila linapojikaza, chuma chenye ncha husukumwa. Mbele ya tumbo hilo kuna ukuta mwembamba wa nyama, na nyuma ya ukuta huo uko moyo.

Ndiyo maana ng'ombe yule alikataa kuteremka. Akiteremka, uzito wa matumbo yote husukuma chuma mbele. Akipanda mlima hupata nafuu kidogo.

Hapa Ufipa hatari hii huwa kubwa wakati wa kiangazi. Nyasi zimekauka, nyingine zimeungua. Mavuno yamekwisha na mifugo imeachiliwa kula mabua. Ng'ombe huingia mpaka kati ya nyumba. Tena ng'ombe aliyekosa chumvi na madini hutafuna vitu visivyo chakula. Hutafuna mifupa. Hutafuna nguo zilizoanikwa, hasa zenye jasho. Hutafuna matambara ya fundi. Kama fundi amefagia matambara, sindano na nyembe akavitupa pamoja, basi amemwandalia ng'ombe sahani.

Ukiona ng'ombe ameacha kula ghafula, mgongo umepinda na hataki kuteremka, usimpe dawa za kubahatisha kama tulivyofanya sisi. Mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo. Mweke mahali ambapo miguu ya mbele iko juu kuliko ya nyuma. Wafugaji wakubwa wa ng'ombe wa maziwa humezesha ng'ombe sumaku. Sumaku hukaa ndani ya lile tumbo la pili miaka yote na kushika vipande vya chuma visitembee. Lakini hapa kijijini kwetu dawa rahisi ni chuma kisifike mdomoni.

WEMBE BUTU NDIO UNAOKATA MKONO

Watu hudhani wembe mkali ni wa hatari na wembe butu ni salama. Mafundi wanajua kwamba sivyo. Wembe mkali hupita kwenye kitambaa bila kuusukuma. Wembe butu unataka nguvu. Ukitia nguvu, kitambaa huteleza, na wembe huenda usikotaka. Huko usikotaka ndiko kilipo kidole chako cha mkono wa pili.

Utajuaje kwamba wembe umechoka? Kitambaa kitakuambia. Badala ya kukatika, nyuzi huvutwa na ukingo hutoka manyoya. Utajikuta unapitisha wembe mara mbili mahali pale pale. Ukifumua mshono, uzi hukatika kwa kuvutwa, na kitambaa hutoboka. Kitambaa kigumu kama jinzi na kaki humaliza makali upesi kuliko khanga. Ukiona dalili hizo, badili. Wembe mmoja ni bei ndogo. Kaptula ya mtoto wa mtu ikiharibika utailipa wewe.

Jambo hili linawahusu sana akina mama wanaoshona mashuka ya viraka. Mji wetu wa Sumbawanga uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai baridi yake unaijua mwenyewe. Kwa hiyo wako akina mama wasiotupa kipande cha nguo. Huviunga vipande, huweka nguo nzee katikati, hushona pande zote. Watu wa pwani huliita tandiko la namna hiyo mfarishi. Shuka moja lina vipande vingi, na kila kipande kinatakiwa kuwa sawa na mwenzake. Wembe butu huvuta kitambaa, vipande havilingani, na shuka linapinda kama shamba lililolimwa na maksai wasiofundishwa.

Siku hizi kuna zana nyingine madukani. Kuna kisu cha plastiki chenye ulimi wa chuma unaosukumwa mbele na kurudishwa nyuma. Ulimi huo una mistari. Ncha ikichakaa unaivunja kwenye mstari, na ncha mpya inatokea. Kisu hiki kilibuniwa huko Japani mwaka 1956 na mtu aitwaye Yoshio Okada. Alikuwa akifanya kazi ya kukata karatasi, naye alichoka kutupa nyembe ambazo zimechakaa ncha tu. Alikumbuka washona viatu waliokuwa wakikata ngozi kwa kigae cha kioo. Kigae kikichakaa, walikivunja wapate makali mapya. Kampuni yake, Olfa, ilitoa mwaka 1979 kisu kingine chenye wembe wa duara, unaoviringika kama gurudumu la baiskeli. Huko ng'ambo washonaji wa mashuka ya viraka wanakipenda sana. Kikipita mara moja hukata tabaka kadhaa za kitambaa.

Sisi wengi hatuna kisu hicho cha gurudumu. Hata hivyo namna ya kubadili ni moja kwa zana zote. Kaa mezani, mahali penye mwanga. Usibadili wembe huku umesimama mlangoni unazungumza na mteja. Waondoe watoto. Wembe mpya huja na karatasi yake. Fungua karatasi hiyo, toa mpya, na papo hapo funga wa zamani katika karatasi ile ile. Ule wa zamani usiuweke mezani hata kwa dakika moja, maana utafunikwa na kitambaa na kusahauliwa.

Kama unataka kuuvunja wembe vipande viwili, uvunje ukiwa ndani ya karatasi. Elekeza pembeni, mbali na macho. Chuma hiki ni kigumu. Hakipindi sana, hukatika ghafula na kipande huweza kuruka. Ncha ya kile kisu cha kusukuma ivunje kwa koleo, usitumie vidole. Na wenye kisu cha gurudumu, mkilegeza skrubu kumbukeni kila kipande kilikaaje, na mrudishe hivyo hivyo. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha.

Sindano nazo nisizisahau. Sindano ya cherehani ikivunjika, tafuta vipande vyote. Kipande kisichoonekana kiko ndani ya nguo ya mteja au kiko sakafuni kinangoja fagio.

MOTO HAUMALIZI WEMBE

Wengine huniambia, "Bwana Shamba, mimi situpi ovyo. Mimi huchoma."

Moto wa jikoni hauyeyushi wembe. Wembe ukipata moto mpaka ukawa mwekundu, kisha ukapoa polepole kwenye majivu, hupoteza ugumu wake. Lakini wembamba wake unabaki pale pale. Bado unakata. Na sasa umefichwa ndani ya majivu.

Je, majivu tunayapeleka wapi? Tunayapeleka bustanini. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha wakulima kuweka majivu na samadi kwenye matuta ya mboga. Mwaka mmoja mke wangu alikuwa anapalilia mchicha kwa mkono. Nilisikia amepiga kelele. Kidole cha shahada kilikuwa kimekatwa karibu na mfupa. Majivu yale yalitoka katika jiko letu. Wembe ulikuwa wangu, niliutupa motoni asubuhi moja baada ya kunyoa. Siku hiyo sikuwa na la kumfundisha mtu.

Fikiria sasa lundo la samadi, au matuta yetu ya Kifipa ambayo tunafukia majani chini ya udongo ili yaoze. Mikono na miguu yetu huingia humo kila msimu. Wembe uliochanganyika na takataka za shamba unaweza kukaa miaka.

JERAHA DOGO, UGONJWA MKUBWA

Huenda umesikia kwamba kutu huleta pepopunda. Si kutu. Pepopunda huletwa na vijidudu vinavyoishi katika udongo na katika mavi ya wanyama. Mbegu za vijidudu hivyo ni ngumu, hukaa ardhini miaka mingi. Wembe uliolala kwenye udongo au samadi huvibeba na kuviingiza ndani ya nyama. Jeraha huweza kuwa dogo, hata limeanza kupona. Baada ya siku kama 8, au kuanzia siku 3 hadi 21, taya hukaza. Mgonjwa hawezi kufungua mdomo. Shingo na mgongo hukakamaa. Wengi hufa wasipofika hospitali mapema.

Punda na mbuzi hupata ugonjwa huu vilevile. Punda ni mwepesi sana kuupata.

Mtu akikatwa, osha jeraha kwa maji mengi safi na sabuni. Bonyeza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Usiweke majivu, samadi, udongo wala unga wa betri. Kisha nenda zahanati, hasa kama jeraha ni la ndani au lina uchafu. Mwulize mganga kuhusu chanjo ya pepopunda. Watoto wachanga hupata chanjo hiyo wakiwa na majuma 6, 10 na 14, ndani ya sindano inayokinga magonjwa 5 pamoja. Akina mama wajawazito huchanjwa kliniki. Baba, wewe ulichanjwa lini? Wanaume wengi wa umri wangu hawakumbuki.

Kuna ugonjwa mwingine ambao wembe hubeba bila udongo wowote, yaani ugonjwa wa damu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tangu wakati huo tumefundishwa kwamba kila mtu awe na wembe wake. Kwenye kunyoa wengi tunakumbuka. Kwenye chale wengine husahau. Virusi vya homa ya ini ya aina B ni vigumu zaidi. Huweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado vikaambukiza. Damu iliyokauka kwenye wembe huwezi kuiona. Kwa hiyo mtoto anayeokota wembe wa kinyozi jalalani hakatwi tu. Anaweza kuambukizwa. Vinyozi, na ninyi mnaochanja chale, wembe uliogusa ngozi ya mtu mmoja usimguse wa pili. Uingie koponi palepale mteja wako akiwa anaona.

KOPO LENYE TUNDU

Nimetaja kopo. Sasa nieleze.

Chukua kopo la bati lenye mfuniko. La maziwa ya unga linafaa, la kahawa linafaa, la rangi lililokauka linafaa. Chupa laini ya plastiki haifai sana, maana nyembe huweza kutoboa. Mfuko haufai kabisa. Piga tundu jembamba kwenye mfuniko kwa patasi au kisu kizee. Tundu litoshe wembe kupita ukiwa umesimama, lakini kidole cha mtoto kisipite. Kisha funga mfuniko kwa waya au upigilie usifunguke tena. Andika kwa rangi: NYEMBE. HATARI. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika, andika kwa mkono wako. Kwa wasiojua kusoma chora fuvu la kichwa kama lile la chupa za dawa ya wadudu.

Kopo hilo litundike ukutani au liweke juu, karibu na mahali wembe unapotumika. Kama liko mbali, utaacha wembe dirishani ukisema utaupeleka baadaye. Namjua fundi mmoja aliyeligongomelea kwenye meza ya cherehani, upande wa mkono wa kulia. Anaingiza nyembe, sindano zilizovunjika na pini zilizopinda. Anasema mwanzoni wateja waliuliza kama ni kopo la sadaka.

Wembe mmoja una unene wa sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Kwa hiyo kopo moja hukaa muda mrefu sana kabla ya kujaa. Kwa nyumba ya kawaida ni miaka.

Likijaa fanya hivi. Ziba tundu kwa saruji kidogo au kwa udongo mzito wa mfinyanzi. Chimba shimo refu, lisipungue mita moja. Lisiwe shambani, lisiwe karibu na kisima au mto, lisiwe mahali utakapochimba msingi wa nyumba. Weka kopo, fukia, shindilia. Njia nzuri zaidi ni choo cha shimo kilichojaa ambacho unataka kukifukia. Weka kopo humo kabla ya kumwaga udongo wa mwisho.

Hapa watu huniuliza, "Kwa nini nisitupe wembe mmoja mmoja chooni kila siku?" Kwa choo kirefu ambacho hakitafunguliwa tena, ni afadhali kuliko kutupa nje. Lakini siku hizi mjini vyoo hunyonywa kwa gari au huchimbwa na watu. Hata vijijini wapo wanaofungua choo cha zamani baada ya miaka ili wapate mbolea. Mtu huyo ataingiza koleo na mikono. Nyembe zikiwa ndani ya kopo lililozibwa, ataliona na kulitoa. Zikiwa zimetapakaa, atazigundua kwa damu.

Kama kijiji chako kina zahanati, mwulizeni mganga. Zahanati huwa na maboksi maalumu ya sindano na vitu vikali, na namna yake ya kuviteketeza. Huenda akakubali kupokea makopo ya vinyozi na mafundi. Asipokubali msimlaumu, maboksi yake ana hesabu nayo. Katika mkutano wa kijiji mnaweza kuamua kuchimba shimo moja la wote, lenye kifuniko cha zege na bomba fupi la kutumbukizia. Mafundi na vinyozi wa sokoni wachangie. Mwombeni Afisa Mtendaji aliweke jambo hili katika ajenda kabla ya kiangazi, wakati ng'ombe bado wako malishoni.

MHUNZI HAUTAKI WEMBE HUU

Mzee mmoja aliniuliza swali zuri. "Bwana Shamba, chuma ni mali. Kwa nini tukizike?"

Swali lake lina asili yake. Sisi wa Ufipa ni wajukuu wa wafua chuma. Babu zetu walijenga malungu, tanuri ndefu za udongo zinazopita kimo cha mtu mrefu. Ilungu lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo lililoitwa kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kisha mhunzi alikifua kikawa jembe, shoka au mkuki. Kazi hiyo ya kuyeyusha mawe ilikufa katika karne ya 20, majembe ya dukani yalipojaa. Lakini mabaki ya malungu bado yapo katika uwanda wetu. Ukipita na mtoto, mwonyeshe.

Wakati huo jembe lililoisha lilirudi kwa mhunzi. Hata leo mhunzi wa kijijini hufua visu kutokana na springi za magari mabovu. Springi ni nene, ina nyama ya kufuliwa. Wembe hauna nyama. Ukiutia motoni unaungua na kukatika kabla nyundo haijaanza kazi. Nilimpelekea mhunzi mmoja nyembe kiganja kizima nione atasema nini. Alizirudisha akaniambia nimletee springi.

Wanunuzi wa chuma chakavu nao hupita na mizani. Watoto wetu huokota misumari na mabati ili wapate fedha ya daftari. Wakizungukia majalala kwa mikono mitupu, nyembe ndizo zinazowapata kwanza. Mwambie mwanao auze jembe bovu na sufuria iliyotoboka. Jalalani nyuma ya duka la kinyozi asikanyage.

Kopo langu liko juu ya mlango wa jiko. Mke wangu ndiye aliyelitundika, juma lile lile alilokatwa kidole. Kila nikimaliza kunyoa hunitazama mpaka asikie wembe unaanguka ndani.